Mchanga wa ziwa, mchanga wa volkano, changarawe au kioo kitupu: sakafu ipi inafaa tangi lako la samaki hapa Goma?

Kijana wa jirani yangu hapa Himbi alinigongea mlango Jumapili moja akiwa na ndoo mbili. Moja ilikuwa na mchanga wa ziwa, wa kahawia iliyofifia, bado umelowa. Nyingine ilikuwa na mchanga mweusi wa volkano aliouchota nyuma ya parseli yao. "Papa," akaniambia, "fundi wa vioo amekwisha kuniungia tangi. Nimwage ndoo gani?" Mdogo wake, aliyekuwa nyuma yake, akadakia kwamba muuzaji mmoja amewashauri waweke changarawe, na kwamba rafiki yao wa Birere hakuweka kitu chochote chini, kioo kitupu, na samaki wake wanaishi vizuri.

Niliwakaribisha ndani. Swali lao ni zuri, na naliheshimu kwa sababu najua watu walioacha kabisa kufuga samaki wa mapambo baada ya kukosea hapo mwanzoni tu. Sakafu ya akwariamu si zulia la kubadilisha ukichoka nalo. Ukishajaza maji na kuwatia samaki, kuiondoa ni kubomoa nyumba yenye watu ndani. Kwa hiyo nimeandika hapa tuliyozungumza siku ile, pamoja na niliyokumbuka baadaye.

Kwa hesabu zote nitatumia tangi la kijana huyo: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Likijaa hadi ukingoni linachukua lita 112.

Tunapima kwa nini

Kwanza tukubaliane vipimo. Mimi natazama mambo matano. Samaki mwenyewe: anaelea juu, anakaa katikati, au anachimba chini? Maji: unatumia ya bomba, ambayo hapa mjini kwa sehemu kubwa yanatoka ziwani, au ya mvua yaliyokusanywa kutoka kwenye bati? Uchafu: kinyesi na mabaki ya chakula vinaishia wapi, nawe unavitoaje? Umeme: tangi litavumilia saa ngapi bila pampu? Na mwisho kazi yenyewe ya kupata, kuosha na kubeba.

Mambo haya hayana uzito sawa. Kwa mtu wa Goma, la maji na la uchafu yanakwenda pamoja, na ndiyo yanayoua samaki wengi kuliko mengine. Nitakaa hapo zaidi.

Washindani wanne

Mchanga wa ziwa ni ule wa ufukweni, punje za mviringo zilizosuguliwa na mawimbi. Punje nzuri kwa tangi ni za kati ya nusu milimita na milimita moja. Zikiwa laini kama unga zinashikamana na kuwa kama udongo, na kila samaki anapopiga mkia maji yanachafuka.

Mchanga wa volkano ni wa aina mbili, na watu wanauchanganya. Uko ule uliosuguliwa ziwani mpaka ukalainika, na uko ule wa mawe ya lava yaliyopondwa, ambao kila punje ina makali na vitundu. Mji wetu umekaa juu ya lava. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, kwa hiyo malighafi haikosekani. Lakini aina hizi mbili ni vitu viwili tofauti machoni pa samaki.

Changarawe ni vijiwe vya milimita mbili hadi tano au zaidi. Nitaweka hapa pia kokoto za lava ambazo watu wanapondaponda kwa nyundo kwa ajili ya ujenzi.

Kioo kitupu ni hivyo hivyo, hakuna kitu chini. Wengi wanadhani ni uvivu au umaskini. Si kweli. Wanaokuza vifaranga na wanaotibu samaki wagonjwa huchagua kioo kitupu kwa makusudi.

Samaki anaitumiaje sakafu

Ziwa Kivu lina takriban aina 15 za Haplochromis, samaki wadogo wa jamii moja na tilapia, na karibu aina zote hizo hazipatikani kwingine kokote duniani. Ukiwafuga hao, mchanga ni sehemu ya maisha yao. Dume huchimba shimo, hulisafisha, husimama juu yake akitikisa mapezi mpaka jike aje. Jike hutaga, huchukua mayai kinywani na kuyalea humo kwa wiki mbili au tatu bila kula vizuri. Hata asipozaliana, samaki wa aina hii huchota mchanga kinywani, huchuja chakula, na kuutema kupitia matamvua. Nimekaa mbele ya kioo saa nzima nikitazama jambo hilo moja. Juu ya changarawe hawezi kulifanya, na juu ya kioo kitupu anabaki kugonga mdomo chini bila kupata kitu.

Mchanga wa ziwa uliosafishwa unamfaa kabisa. Mweusi uliosuguliwa na mawimbi unamfaa pia. Lava iliyopondwa haimfai. Usiamini maneno yangu, chukua gao moja, usugue upande wa ndani wa mkono wako. Ukiacha mikwaruzo, utaacha mikwaruzo pia kwenye matamvua ya samaki na kwenye ndevu za kambare.

Kambare anataka chini palipo laini, kwa sababu anatafuta chakula kwa ndevu, na usiku hajui pengine ila sakafu. Juu ya kokoto kali ndevu huchakaa, jeraha huingia uchafu, na unaanza kununua dawa. Changarawe ya mviringo anaivumilia, ingawa chakula kinachozama katikati ya vijiwe hakifikii.

Samaki dhahabu ana tatizo lake mwenyewe: huokota kila kitu. Changarawe inayolingana na kinywa chake inaweza kumkwama kooni. Kwake ni ama mchanga, ama kioo kitupu, ama mawe makubwa asiyoweza kuyachukua.

Guppy na samaki wengine wadogo wa juu hawajali sana. Wengi wetu tunaletewa hao kutoka ng'ambo ya mpaka, na hao ndio wanaoishi vizuri juu ya changarawe. Kwa kweli changarawe inawasaidia watoto wao, maana kitoto cha guppy kikijificha kati ya vijiwe mama yake hakipati.

Juu ya kioo kitupu samaki wengi huwa na wasiwasi siku za kwanza, kwa kuwa kioo kinarudisha mwanga na wanajiona chini yao. Dawa yake ni rahisi: weka chini ya tangi, kwa nje, kitambaa cheusi au karatasi ya rangi nzito.

Maji ya ziwa na maji ya mvua si maji yaleyale

Hapa ndipo ushauri unaotoka mbali unapowapoteza watu wa Goma. Utasoma kwamba mchanga wenye chokaa ni hatari kwa sababu unapandisha pH, kipimo cha asidi majini: ikipanda, asidi imepungua. Ni kweli kwa mahali ambapo maji ni laini, yaani yana madini machache. Lakini maji ya juu ya Ziwa Kivu yenyewe yana pH karibu na 9, na yamejaa chumvi za madini, hasa magnesiamu. Tazama mawe meusi ya ufukweni: mengi yana ganda jeupe. Hiyo ni chokaa ambayo maji yameshindwa kuibeba yakaitema juu ya jiwe. Maji yaliyokwisha kushiba chokaa namna hiyo hayataiyeyusha nyingine kutoka kwenye mchanga wako. Ukitumia maji ya ziwa, mchanga wa ziwa haubadilishi kitu.

Maji ya mvua ni habari nyingine. Ni laini, hayana madini karibu kabisa, na mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo huwa na asidi. Ukiyaweka juu ya mchanga wenye chokaa, chokaa huyeyuka kidogo kidogo na pH inapanda. Kwa guppy huo ni msaada, kwa sababu anapenda maji magumu na maji ya mvua peke yake yanamdhoofisha. Kwa samaki wanaotoka kwenye mito ya misituni, wanaopenda maji laini, ni tatizo.

Kipimo ni cha jikoni. Kausha kijiko cha mchanga, dondoshea siki. Ukitoa povu, una chokaa. Mweusi wa volkano kwa kawaida hautoi povu, isipokuwa uwe umechotwa ufukweni na kuchanganyika na vipande vya ganda lile jeupe au vya konokono. Kwa hiyo mwenye maji ya mvua anayetaka yabaki laini, huyo mchanga mweusi unamfaa kuliko wa kahawia. Changarawe nayo ipimwe kwa siki vilevile. Kioo kitupu hakiongezi wala hakipunguzi, na hiyo ni sifa yake kubwa kwa mtu anayetaka kujua hasa maji yake yana nini.

Kuhusu mweusi nina onyo moja nililojifunza kwa hasara. Mchanga wa volkano una punje za chuma zinazovutwa na sumaku. Ndani ya pampu ndogo za akwariamu kuna sumaku inayozunguka. Niliwahi kumwaga mchanga mweusi bila kuuchuja kwa sumaku, na baada ya wiki tatu pampu ilianza kukwaruza, kisha ikasimama usiku. Nilipoifungua, sumaku yake ilikuwa imeota manyoya meusi. Siku hizi natoa sumaku kwenye spika iliyokufa, naifunga ndani ya mfuko, naipitisha kwenye mchanga mkavu mara nyingi mpaka irudi karibu tupu.

Uchafu unaishia wapi

Sasa niunganishe na lile la maji. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia. Amonia majini ina sura mbili, moja kali inayoua na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua ipi itakuwa nyingi. Kwenye maji ya nyuzijoto 25 yenye pH 7, sehemu inayoua haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH 9, katika joto hilohilo, inapita theluthi moja. Maana yake, uchafu uleule ambao mfugaji wa mahali pengine anausahau wiki mbili bila kilio, kwa mtu anayetumia maji ya Kivu unaweza kumwangamizia tangi kwa siku chache. Maji yetu hayasamehe uchafu uliofichwa.

Ndiyo maana changarawe inanipa wasiwasi hapa kuliko ingenipa kwingine. Vijiwe vina nafasi kati yake, uchafu unashuka humo, na kwa macho tangi linaonekana safi. Mwenye changarawe lazima awe na mpira wa kufyonzea wenye mdomo mpana, auchomeke mpaka kwenye kioo, aunyanyue, auchomeke tena pembeni, kila wiki, bila kuruka kona. Akifanya hivyo, changarawe inamlipa vizuri: bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitrati, wanapata makao makubwa juu ya vijiwe. Kokoto za lava zinazidi hapo kwa sababu ya vitundu vyake. Asipofanya hivyo, anajenga choo chini ya sebule.

Mchanga hauruhusu uchafu kushuka. Unabaki juu, unauona. Wengine wanaona hiyo ni aibu, mimi naona ni ukweli. Unashika mpira sentimita mbili juu ya mchanga, unauzungusha taratibu, kinyesi kinaruka kuingia na mchanga unabaki. Mchanga ukianza kupanda ndani ya mpira, bana mpira kwa vidole. Ule wa lava iliyopondwa ni mwepesi kuliko wa ziwa, kwa hiyo unapanda haraka na mkono lazima uwe mtulivu.

Hatari ya mchanga iko kwenye kina. Ukiujaza sana, hewa haifiki chini, na bakteria wa mahali pasipo na hewa hutengeneza gesi yenye harufu ya yai bovu. Utaona mabaka meusi nyuma ya kioo, jambo ambalo kwenye mchanga mweusi huwezi kuliona mapema. Sentimita tatu au nne zinatosha. Koroga kwa uma au kwa kidole mara moja kwa wiki, sehemu kwa sehemu. Konokono wadogo wenye umbo la pilipili, wanaojifukia mchangani mchana na kutoka usiku, wanafanya kazi hiyo bure. Kama tangi limekaa mwaka mzima bila kukorogwa, usilikoroge lote siku moja.

Kioo kitupu hakina mjadala hapa. Unaona kila kitu, unafyonza kila kitu, dakika tano umemaliza. Mtu mwenye samaki wengi katika tangi dogo, na hasa anayelisha vifaranga mara nne kwa siku kwa maji ya ziwa, sijui chaguo salama kuliko hilo.

Umeme ukikatika

Umeme wa Goma umekuwa bora kuliko nilivyoujua utotoni, lakini bado unakatika. Pampu ikisimama, mambo mawili hutokea: oksijeni hupungua, na bakteria walio ndani ya filta huanza kufa.

Kwenye kioo kitupu karibu bakteria wako wote wako ndani ya filta. Hiyo ndiyo gharama yake. Ukikaa saa nyingi bila umeme umepoteza jeshi zima, na amonia inapanda hata baada ya taa kuwaka. Kwenye mchanga na changarawe sehemu ya jeshi hilo iko tangini, kwenye tabaka la juu la sakafu ambako bado kuna hewa kidogo, na inaendelea kufanya kazi. Kokoto za lava na mawe yake zinaongoza kwa hilo. Isipokuwa ile filta ya zamani inayovuta maji kupita chini ya changarawe: pampu ikisimama, sakafu nzima inakosa hewa, na ikiwaka inasukuma maji yaliyooza juu kwa mkupuo. Filta hiyo na umeme wetu havipatani, na juu ya mchanga haifanyi kazi kabisa kwa kuwa inaziba.

Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, ardhi ilitikisika kwa siku kadhaa, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Niliacha matangi mawili. Niliporudi, lile lenye mchanga, majani mengi na samaki sita lilikuwa hai. Lile la kioo kitupu lenye vifaranga wengi halikubaki na hata mmoja. Sitaki kuupa mchanga sifa ambayo si yake peke yake: samaki sita na vifaranga themanini si mzigo mmoja. Lakini nililojifunza kuhusu mawe ni la hakika. Mawe niliyokuwa nimeyaweka juu ya mchanga yalikuwa yameanguka. Yale niliyoyakalisha kwanza juu ya kioo, kisha nikamwaga mchanga kuyazunguka, yalikuwa yamesimama mahali pake. Hata bila tetemeko, samaki mchimbaji atachimba chini ya jiwe mpaka lianguke.

Kupata, kuosha, kubeba

Kwa tangi letu la mfano, mchanga wa kina cha sentimita nne ni lita 11 na kidogo, yaani karibu kilo 18 ukiwa mkavu. Changarawe inakaribia uzito huohuo. Lava iliyopondwa ni nyepesi zaidi. Ongeza maji na mawe, tangi linakaribia kilo 150 pamoja na kioo. Kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya lava isiyo sawa, pima sakafu ya nyumba kabla ya kufikiria sakafu ya tangi.

Ukienda kuchota mwenyewe ufukweni, nenda jua likiwa limepanda, usiende alfajiri. Upande wa Himbi, Keshero hadi Bulengo kuna mashimo na mabonde yanayotoa mazuku, gesi nzito isiyoonekana ambayo hulala chini usiku na asubuhi kabla ya upepo. Mtu akiinama humo kuchota mchanga anaweza asiinuke. Usitume watoto. Usisimame pekupeku kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, kwa sababu ya kichocho. Mchanga ukishafika nyumbani uanike juani siku kadhaa, uugeuze, ukauke kabisa. Hakuna mdudu wa kichocho anayeishi pakavu. Pia chota mbali na mahali watu wanapofulia, wanapoosha magari, na mitumbwi yenye mota inapoegeshwa.

Kuosha ndiko kunakochosha. Tia robo ya ndoo, mwagia maji, koroga kwa mkono, mimina, rudia. Mchanga wa ziwa unahitaji mara kumi hadi kumi na tano. Ule wa lava iliyopondwa una vumbi zaidi, na usipouosha vizuri maji yatakuwa ya kijivu siku tatu. Kilo zangu 18 zilinila bidoni tisa za lita 20. Anayenunua maji yanayoletwa kwa chukudu aliweke hilo kwenye hesabu, au asubiri msimu wa mvua aoshe kwa maji ya bati. Changarawe inatakata kwa robo ya maji hayo. Kioo kitupu hakidai hata kikombe.

Mchanga wa kujengea unaouzwa depo unaweza kutumika, lakini uchuje kwanza kwa chujio la dirisha la mbu, kisha uutazame kwa makini: ukiona vipande vya saruji, chokaa ya ujenzi au mafuta, uache.

Majani na sura

Nitapita haraka. Mimea yenye mizizi inashika vizuri mchangani na kwenye changarawe ndogo, ila mchanga hauna chakula, kwa hiyo fukia vidonge vya udongo mwekundu uliokaushwa karibu na mizizi. Anubias, mmea wa mito ya nchi yetu, hautaki kufukiwa. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe la lava na utashika wenyewe. Kwenye kioo kitupu tumia mimea inayoelea, au iliyo ndani ya chungu. Kwa macho, sakafu nyeusi inaifanya rangi ya samaki ikolee, na ya kahawia inafanya tangi lifanane na ziwa letu. Hilo chagua wewe.

Kwa hali yako

Ukiwa na Haplochromis wa Kivu, tilapia wadogo au kambare, na maji yako ni ya ziwa, tafuta mchanga uliosuguliwa na mawimbi, wa kahawia au mweusi, sentimita tatu au nne. Mweusi upitishie sumaku.

Ukitumia maji ya mvua na unataka guppy, mchanga wa ziwa wenye povu la siki utakusaidia kuyatuliza maji. Changarawe yenye chokaa itafanya hivyohivyo, na kuwapa watoto wao mahali pa kujificha, ilimradi mpira wa kufyonzea unaushika kila wiki. Ukitaka samaki wa maji laini kwa maji hayohayo ya mvua, chukua mweusi usiotoa povu, wala usiweke ganda la konokono kama pambo.

Kama uko safarini mara kwa mara na anayebaki nyumbani hajui kusafisha, weka mchanga wa kina kidogo, majani mengi, samaki wachache, na mawe mawili matatu ya lava. Changarawe usiiweke katika nyumba hiyo.

Kama wewe ni mtu wa ratiba, una pampu nzuri na betri ya akiba, unapenda samaki wa juu na hupendi kuosha mchanga mara kumi na tano, changarawe ya mviringo itakutumikia miaka mingi. Kokoto zenye makali zipeleke ndani ya filta, huko ndiko vitundu vyake vina faida bila kumkata mtu.

Unayekuza vifaranga, unayetibu mgonjwa, au uliyenunua samaki wapya leo na hujui wamekuja na nini, kioo kitupu. Weka sifongo la filta lililokaa kwenye tangi zee, ili bakteria wawepo tangu siku ya kwanza.

Na katika chaguo lolote, tangi jipya liache liive, yaani bakteria wajijenge, wiki nne hadi sita kabla ya kulijaza samaki. Anza na wawili, watatu. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke. Unapojaza maji mara ya kwanza juu ya mchanga, weka sahani chini na umimine juu ya sahani.

Vijana wale walikuwa wanataka Haplochromis, na nyumbani kwao bomba linatoa maji ya ziwa. Ndoo ya kahawia tulijaribu kwa siki, ikatoa povu kidogo, wakaondoka nayo. Ndoo nyeusi tuliisugua mkononi na mdogo akalalamika kwamba inakata. Ilikuwa lava iliyopondwa. Hawakuitupa: wameijaza ndani ya soksi safi na kuiweka kwenye filta, na mawe makubwa matatu kutoka parseli yao yamekalishwa juu ya kioo, mchanga umeyazunguka. Sasa wanahesabu wiki. Wamebakiza tatu.